Mama Mkwe, Shemeji na Vihisi vya Jikoni

Mama mkwe wangu hapiki ndizi bila jani la mgomba. Sufuria ikishapangwa ndizi na maharage, na nyama kama ipo, jani linapitishwa motoni lilainike, linafunikwa juu ya chakula, ndipo mfuniko unafuata. Hivyo ndivyo mbalaga inavyopikwa nyumbani kwetu Masukulu, wilayani Rungwe, na ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Kwa hiyo kaka mkubwa wa mume wangu alipotuma presha kuka la umeme kutoka Dar es Salaam, likafika Tukuyu kwa basi na kuletwa kwetu kwa bodaboda, jambo la kwanza mama alilofanya lilikuwa kwenda shambani kukata jani.

Jiko lile halikuja hivi hivi. Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo kwamba asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Mwezi huohuo Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kwanza wa nishati safi ya kupikia Afrika, na ahadi za dola bilioni 2.2 zikatolewa. Tangu hapo redio haiishi kulisema jambo hili, na kila mtoto wa mjini mwenye mama kijijini anajiona ana deni. Kaka mkubwa alilipa lake kwa presha kuka.

Presha kuka la umeme ni sufuria yenye vihisi. Chini, katikati ya bamba la moto, kuna kitufe kinachosukumwa na springi kigusane na kitako cha sufuria. Hicho kinapima joto. Kuna swichi inayojua presha imefika kiasi gani. Kwenye mfuniko kuna kinachothibitisha kwamba umefungwa sawasawa. Juu kabisa ipo vali ya kutolea mvuke. Mpishi anabonyeza kitufe kimoja na kwenda zake, mashine inahesabu yenyewe. Vitufe vya lile la kwetu vilikuwa na picha na maneno ya Kiingereza: wali, supu, nyama, uji. Ndizi hazikuwepo. Mama aliuliza ndizi ziko wapi, tukamwambia abonyeze nyama.

Jioni hiyo tulikuwa na wageni, akina mama wa kanisani waliokuja kupanga sherehe ya kipaimara. Mama alipanga ndizi zake kama siku zote: nyingi, zimebanana, maji kidogo, maharage yaliyokwisha kuchemka juu yake, na jani. Akafunga. Jiko likalia, taa ikawaka, sote tukakaa kusubiri. Baada ya muda likalia tena, kioo kikaonyesha herufi na namba ambazo hakuna aliyezijua, likazima moto. Mama akabonyeza tena. Likawaka, halafu likazima. Mvuke ulikuwa haujatoka hata kidogo.

Tulipolifungua, baada ya kuliacha lipoe kabisa, mambo yalikuwa wazi. Ndizi za chini zilikuwa zimeshikana na sufuria na kuungua. Za juu zilikuwa mbichi. Na lile jani lilikuwa limenyanyuliwa na mvuke likabanwa kwenye tundu la vali.

Nimelifikiria sana tukio lile, kwa sababu jiko halikuharibika. Lilifanya kila lililoambiwa kufanya. Kihisi cha chini kiliona joto limepanda upesi kuliko linavyopanda penye supu au wali wenye maji, kikahukumu kwamba chakula kinaungua, kikakata moto. Kilikuwa sahihi kuhusu ndizi za chini. Za juu hakikuwa na njia ya kuzijua. Kihisi hujua mahali kilipogusa tu, na mambo mengine yote ni makisio ya aliyekitengeneza kuhusu chakula alichokuwa nacho mawazoni siku ile. Huyo hakuwahi kuonja mbalaga. Na nitamke hapa bila kuzunguka: jani au kitu chochote kinachoweza kuziba vali hakipaswi kuwekwa ndani ya presha kuka. Vali ikiziba, presha haina pa kutokea. Tuliokolewa na kile kitufe cha chini kilichokata moto mapema.

Wageni walikunywa chai kwa mayai ya kukaanga, wakashukuru, wakaaga. Mama hakusema neno mpaka asubuhi. Asubuhi akasema ndizi zitarudi kwenye sufuria yake, na lile jiko litapika maharage. Hakuwa amesoma utafiti wowote, lakini alifika walikofika watafiti. Mpango wa utafiti wa nishati za kisasa za kupikia, MECS, kwa kushirikiana na TaTEDO, shirika la nishati la hapa hapa Tanzania, ulifuatilia mapishi ya kaya za Dar es Salaam, na vyakula vinavyochemshwa kwa muda mrefu kama maharage na makande ndivyo vilivyoonyesha faida kubwa zaidi kwenye presha kuka la umeme.

Maharage nayo yalikuwa na kisa chake. Mchana yalikuwa yakiiva vizuri. Usiku yanachelewa, au yanatoka magumu. Mama alisema jiko linachoka jioni. Shemeji, mdogo wake mume wangu anayesoma mambo ya elektroniki chuoni Mbeya na alikuwa nyumbani kwa likizo, alichukua mita akapima soketi, akamkuta mama amesema kweli. Sisi tuko mbali na transfoma. Jua likizama kila nyumba inawasha, na umeme unaopaswa kuwa volti 230 unashuka. Zikishuka hadi 180, jiko la wati 1,000 linatoa wati kama 610 tu, kwa sababu nguvu ya moto hupungua kwa kasi kuliko volti zenyewe. Lakini saa ya ndani ya jiko inahesabu dakika zilezile. Aliyelipanga alipanga akiwa mahali ambapo umeme haushuki.

Basi hapo ndipo shemeji alipopata ari. Alimwambia mama yake, “Mama, mashine ya kiwandani haikujui wewe. Nitakutengenezea vitu vinavyokujua.” Mama akamjibu, “Tengeneza mwanangu, ila usiniunguzie nyumba.”

Alianza na maji ya kunywa. Tunachemsha maji kila siku, na mara nyingi yanasahauliwa motoni mpaka yanapungua nusu. Shemeji akafunga kihisi cha joto kwenye mfuniko wa sufuria, waya ukaenda kwenye kibao kidogo cha elektroniki chenye kengele, akakipangia kilie maji yakifika nyuzi 100. Kila kitabu cha shule kinasema maji huchemka nyuzi 100. Tukakaa. Maji yakachemka, yakatokota, yakarusha mfuniko, kengele kimya. Mama akasimama pale na upawa mkononi akitazama mvuke na mashine kwa zamu. Mwishowe akasema, “Hii inasubiri nini? Maji yamechemka.”

Ilikuwa inasubiri bahari. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi kuliko pwani, na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Tukuyu mjini, palipo karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hutokota kwenye nyuzi 95 hivi. Kengele ile ingeendelea kungoja mpaka sufuria ikauke. Shemeji alijua jambo hili tangu sekondari, alikuwa amelijibia mtihani, lakini mfano wa programu alioufuata uliandikwa na mtu wa mahali pengine, na namba 100 ilikuwa imekaa humo tayari. Alibadilisha. Sasa kengele inasikiliza pale joto linapoacha kupanda, popote linapoishia. Hiyo ndiyo njia nzuri zaidi, na inafaa pwani kama inavyofaa mlimani.

Kisa cha friji ndicho kirefu.

Nyumba nyingi za Rungwe zinaishi kwa ndizi, viazi, chai, parachichi na maziwa, na kwetu maziwa ndiyo fedha ya kila wiki. Ya asubuhi yanakwenda moja kwa moja kituoni. Ya jioni yanalala kwenye friji, na asubuhi yanafuatana na wenzake. Kituoni hupimwa kwa spiriti: yakiganda yanapochanganywa nayo, yanakataliwa, na hakuna wa kubishana. Umeme ukikatika usiku, na huku hukatika hasa mvua ikipiga, maziwa ya jioni yako mashakani. Mvua yenyewe si ya kubahatisha; miteremko ya kusini ya Mlima Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, hadi milimita 3,000 kwa mwaka.

Shemeji akaweka kihisi cha joto ndani ya friji na kifaa chenye laini ya simu nje yake. Joto likizidi kiasi, kinatuma ujumbe. Swali likawa: utumwe kwa nani? Yeye hakuliona kama swali. Maziwa ni ya baba, ng'ombe ni wa baba, kwa hiyo namba ikawa ya baba.

Hapa inabidi nieleze nyumba yetu. Kwa mila za Wanyakyusa, mkwe wa kike na baba mkwe wana heshima kubwa baina yao. Zamani mke wa mtoto alijificha kabisa asionane na baba wa mumewe. Monica Wilson, mtaalamu wa mila kutoka Afrika Kusini aliyeishi huku Rungwe miaka ya 1930, aliiandika heshima hii kwa kirefu katika kitabu chake Good Company cha 1951, akaihusisha hata na desturi ya vijana kujenga vijiji vyao vya rika mbali na baba zao. Siku hizi imelegea. Lakini kwetu baba haingii jikoni, mimi sipayuki mbele yake, na akitaka neno lifike jikoni humtuma mjukuu. Naipenda heshima hii na sioni haja ya mashine kuivunja.

Usiku wa kwanza wa kifaa, umeme ulikatika kidogo ukarudi. Simu ya baba ikalia: friji nyuzi 85. Baba akaamka, akamwamsha mjukuu, mjukuu akaja kugonga mlango wetu akisema babu anasema maziwa yanachemka. Nikakimbia. Nikafungua friji. Maziwa yalikuwa baridi kama yalivyowekwa. Nikamrudisha mjukuu na jibu. Umeme ukakatika tena ukarudi. Nyuzi 85. Mjukuu akaja tena.

Iliendelea hivyo kila umeme ulipocheza, na huku hucheza. Kila mara namba ileile, 85, haizidi wala haipungui. Na kila mara mimi nafungua friji kuhakikisha, baridi inatoka, joto la kweli linaingia. Baba alianza kuamini kwamba friji ina ugonjwa na akazungumzia kuiuza. Mtoto akawa anasinzia darasani.

Shemeji alihangaika mpaka akasoma karatasi ya maelezo ya kile kihisi. Ni kile kinachouzwa karibu kila duka la elektroniki, DS18B20, kizuri na cha bei nafuu. Kimepangwa kwamba kikipata umeme upya, kabla hakijapima kitu chochote, namba inayokuwa ndani yake ni 85. Ukikiuliza upesi mno kitakupa hiyo. Kila umeme uliporudi, kifaa kilikuwa kinauliza kabla kihisi hakijajibu kwa haki. Dawa ni fupi: tupa jibu la kwanza, subiri, uliza tena. Lakini dawa ilipopatikana baba alikuwa ameshazoea kuzima simu akilala.

Baya zaidi likaja baadaye, wakati kifaa kimerekebishwa na kila mtu amekiamini. Mvua kubwa ilinyesha, umeme ukakatika jioni na haukurudi mpaka asubuhi. Ujumbe haukuja. Baba, aliyekuwa amekubali kuiacha simu wazi tena, alilala kwa amani, maana kimya kilikuwa kinamaanisha salama. Nami nikalala. Asubuhi kifaa tulikikuta kimezimika. Kilikuwa kinakula umeme uleule wa friji. Friji ilipokufa, mlinzi wake alikufa naye. Maziwa ya jioni yalikataliwa kituoni, tukayagandisha, tukala mgando mpaka watoto wakaomba uji.

Hili naliona kuwa kosa kubwa kupita yote katika vifaa vya namna hii, na si la shemeji peke yake. Lipo hata kwenye vitu vya fedha nyingi. Kifaa kinaonyesha hatari kwa kelele na usalama kwa kimya, na hapohapo kifo chake nacho ni kimya. Mwenye nyumba atatofautishaje? Kifaa cha ulinzi kinatakiwa kiwe na betri yake, na kitoe taarifa ya uzima hata kama hakuna jambo. Sasa chetu hutuma neno moja kila usiku na kila alfajiri. Neno lisipokuja tunakwenda kuangalia. Na namba iliyowekwa ni ya kwangu, kwa amri ya mama, aliyesema mbele ya watu wote kwamba taarifa iende kwa anayeweza kufungua friji, na habari za fedha za maziwa ziende kwa baba kama kawaida. Baba alikubali mara moja. Nadhani alikuwa na usingizi wa kufidia.

Asidhani mtu kwamba mama anaogopa mashine. Mwaka 2024, mita zote za umeme za LUKU zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya Novemba 24, ni yeye aliyesimama mbele ya mita na karatasi, akaingiza namba zenye tarakimu 20, kundi baada ya kundi, bila kukosea. Sababu ya zoezi lile ilikuwa ya kupanga mashine vilevile: mita nyingi za malipo ya kabla duniani zilikuwa zinahesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilitosha dakika 16,777,216 tu. Ziliisha tarehe hiyo. Waliopanga miaka ile waliona miaka karibu 32 ni mingi. Mama alielezwa hivyo na shemeji, akauliza, “Na hivi unavyonifungia wewe, vitaisha lini?” Ni swali ambalo kila mwanafunzi wa uhandisi anastahili kuulizwa na mama yake.

Kengele ya gesi nitaisimulia upesi, ingawa ndiyo iliyotutisha. Tuna mtungi na jiko la gesi la plati mbili kwenye chumba cha ndani, na mlango wake unaelekea jiko la kuni la nje. Shemeji alifunga kihisi cha gesi, MQ-2, juu ukutani karibu na dari, kama alivyoona kwenye picha za kengele za moshi. Kihisi hicho hunusa gesi ya kupikia, lakini hunusa pia moshi na vilevi. Kitunguu kikikaangwa kinalia. Kuni mbichi zikiwashwa nje, kinalia. Tena ndani yake kuna kipasha joto kidogo kinachotakiwa kupashwa zaidi ya saa 24 kabla ya kukiamini, na kwetu umeme haukikubalii muda huo kila wakati. Watoto walikuwa wanaucheza ule mlio. Mama akakivisha kipande cha khanga, akakifunga kwa kamba.

Siku moja aliinama kuchukua vitunguu kwenye kapu lililo chini, karibu na mtungi, akasimama ghafla akasema, “Zimeni moto. Nje.” Regulata ilikuwa haijakaa vizuri baada ya mtungi kubadilishwa. Alifunga mtungi, akafungua mlango na dirisha, akakataza mtu yeyote kugusa swichi ya taa, kuwasha wala kuzima. Sote tukakaa nje mpaka harufu ikaisha. Aliigundua kwa pua, na pua ilifanya kazi kwa sababu gesi huwekewa harufu makusudi, na kwa sababu aliinama. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, huingia kwenye mashimo na chini ya makabati. Kule darini kengele ingekuwa ya mwisho kabisa kujua, hata bila khanga.

Shemeji hakula chakula cha mchana siku ile. Alikaa barazani, na mama akaenda kukaa naye. Sikusikia yote waliyozungumza, ila tangu hapo mpango ulibadilika. Kabla ya kufunga chochote, anakuja kwanza kukaa jikoni, anashika kisu, anamenya ndizi, anauliza. Kile kihisi kilibadilishwa kikawekwa MQ-6, kisichojali sana moshi wala vilevi, na kikashushwa chini karibu na sakafu, mbali na mvuke wa sufuria.

Alimuuliza mama swali ambalo lilipaswa kutangulia yote: wewe unataka kujua nini? Mama hakusita. Alitaka kujua gesi itaisha lini. Joto la kitu hakulihitaji. Anajua kwa macho, kwa mlio wa mchuzi na kwa kugusa. Lakini mtungi haumwambii kitu. Watu wanautikisa, wanaumwagia maji ya moto kutafuta pale ubaridi unapoanzia, na bado unaishia katikati ya mapishi, wageni wamekaa.

Shemeji akatengeneza mzani bapa wa kukalia mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umechapwa kwenye chuma chake. Ukiutoa kwenye uzito wote, iliyobaki ni gesi. Hesabu ni nyepesi, jikoni ndiko penye ugumu. Mtoto anakalia mtungi. Mtu anatundika kikapu kwenye mkono wake. Mpira wa gesi unauvuta upande mmoja. Na mzani wenyewe, ukibebeshwa mzigo ule mchana na usiku, unapinda taratibu, na unasoma tofauti baridi ya Juni ikiingia. Mama ndiye aliyesema upime alfajiri tu, kabla mtu hajaingia jikoni, uyaache mengine. Ndiye aliyekataa mlio wowote, akakataa ujumbe wa simu, akataka taa tatu: kijani, njano, nyekundu, mahali anapoziona akiwa amesimama jikoni. Kifaa kikiharibika taa zinazima zote, na gesi inaendelea kuwaka kama zamani, kwa sababu hakuna waya unaogusa njia ya gesi. Huo ndio msimamo ninaoushikilia zaidi: kihisi kikishindwa, mpishi aendelee kupika.

Wapo waliolitatua jambo hili kwa ukubwa. KopaGas ilianzia Dar es Salaam na mita iliyofungwa kwenye mtungi, mteja akalipia gesi kidogo kidogo kwa simu, na kampuni ikajua mtungi unakaribia kuisha kabla mteja hajakwama. Januari 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas kwa dola milioni 25. Ilianza kwa kujibu swali lilelile la mama, na kwa kutambua kwamba wengi hawana fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo.

Na jambo la kumsikiliza anayepika halikuanzia Masukulu. Jiko la kwanza la umeme la wali lililozima lenyewe, na likauzika, lilitolewa na Toshiba huko Japani mwaka 1955. Aliyelibuni, Yoshitada Minami, hakuwa mpishi. Mkewe Fumiko ndiye aliyelijaribu nyumbani, akipika wali na kuandika vipimo, huku akilea watoto. Kihisi kilichopatikana kilikuwa kipande cha chuma cha namna mbili kinachojipinda kikipata joto. Maji ya sufuria ya nje yakikauka, baada ya dakika kama 20, joto linapita nyuzi 100, chuma kinajipinda, umeme unakatika. Hakikuwa na kioo wala programu, na kilifaulu kwa sababu kilipangwa kwa vipimo vya mtu aliyejua wali.

Ninawaomba vijana walioko vyuoni Mbeya, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ambao najua wana makasha yaliyojaa vihisi kama la shemeji: andikeni vitufe kwa Kiswahili, wekeni kitufe cha ndizi na cha makande, pimeni kwa umeme wa volti 180, na pimeni mkiwa Tukuyu kama mlivyopima mkiwa Kariakoo. Mkumbuke pia kwamba mteja mdogo wa TANESCO wa kundi la D1 hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na akivuka hapo kila uniti inapanda hadi shilingi 350. Kifaa chenu kikikaa kinakula umeme usiku kucha bila kazi, ndicho kitakachomvusha.

Na wewe msomaji, kama nyumbani kwako mnapikia gesi ya mtungi na kengele yake imefungwa juu karibu na dari, ishushe leo. Iwe isiyozidi sentimita 30 kutoka sakafuni, upande ule ule wa mtungi, na pasiwepo kitambaa juu yake.